Cheti cha usimamizi wa kanzidata: kipi kinamlipa fundi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Vyeti vinavyotajwa sana na vijana wa TEHAMA huku Nyanda za Juu Kusini ni vitatu: kile cha Oracle chenye mitihani miwili, 1Z0-082 na 1Z0-083, kile cha Microsoft cha DP-300, na kile cha MySQL, 1Z0-908. Tumevipima kwa mambo manne: pesa inayotoka mfukoni, kile ambacho mtihani unapima kweli, kile unachobaki hukijui hata ukifaulu, na kama unaweza kuufanya ukiwa Uyole au Kihesa bila kupanda basi la Dar es Salaam.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Cha Oracle kina maudhui mazito kuliko vyote, na ndicho ghali kuliko vyote. Cha Microsoft ni nafuu, ila sehemu kubwa yake inahusu seva zilizoko kwenye wingu (cloud), na ofisi nyingine bado zina seva ya chumbani, yaani iliyo ndani ya ofisi yenyewe. Cha MySQL kinamfaa aliyekwisha kuisimamia MySQL kazini, na wengine wanaweza kukiacha. Na kwa chochote utakachochagua, usilipe ada ya mtihani kabla hujaiharibu kanzidata ya majaribio kwa makusudi na kuirudisha kwa mikono yako bila kupoteza muamala hata mmoja.

Kuchagua cheti kunaanzia kwenye seva ya mahali unapofanya kazi au unapotaka kazi. Kama ni SACCOS, hospitali, mamlaka ya maji au kiwanda cha chai Mufindi, muulize fundi wao injini gani ya kanzidata inaendesha mfumo. Asipojua, bandari za mtandao (ports) za seva zitakwambia: 1521 kwa kawaida ni Oracle, 1433 ni SQL Server, 3306 ni MySQL au MariaDB, 5432 ni PostgreSQL. Kwenye Windows fungua orodha ya huduma utafute jina linaloanza na OracleService au MSSQL. Kwenye Linux amri ya ss -ltnp itaonyesha bandari iliyo wazi na programu inayoisikiliza. Hapo fanya kwa idhini ya mwenye seva tu. Kupekua bandari za seva ya watu bila ruhusa ni kosa, na ni njia ya haraka ya kuikosa kazi uliyokuwa unaitafuta.

Mifumo ya afya ina mwelekeo wake. DHIS2, ambayo Tanzania inaitumia kwa takwimu za afya, inakaa juu ya PostgreSQL. OpenMRS, ya rekodi za wagonjwa, inakaa juu ya MySQL au ndugu yake MariaDB. Mtu anayelenga kufanya kazi na miradi ya afya Iringa au Njombe akitoa zaidi ya shilingi milioni moja kwa cheti cha Oracle, atakuwa amenunua ufunguo wa mlango mwingine.

Sasa Oracle. Jina kamili la cheti ni Oracle Database Administration 2019 Certified Professional, na kinahusu toleo la 19c. Mtihani wa kwanza unataka alama 60 kwa 100, wa pili 57. Kila mmoja ni dola 245, yaani dola 490 kwa yote miwili. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,600, hiyo ni shilingi 1,274,000, na bado benki itakata kidogo kwa kubadili fedha. Zamani njia hii ilikulazimisha kuhudhuria kozi rasmi yenye ada kubwa. Kwa cheti hiki sharti hilo halipo, na kwa mtu wa mkoani ni nafuu kubwa.

Mtihani wa 082 huwashangaza watu wanaodhani utakuwa wa usimamizi mtupu. Sehemu yake kubwa ni SQL: kuunganisha majedwali, kukusanya kwa makundi, maswali yaliyo ndani ya maswali, miamala. Zilizobaki zinahusu muundo wa instansi, watumiaji na haki zao, nafasi za kuhifadhia, kuhamisha data kwa Data Pump, na mawasiliano ya mtandao. Mtu aliyesoma SQL vizuri pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au Chuo Kikuu cha Iringa ana mtaji tayari. Kinachowaangusha wengi ni kutofautisha instansi na kanzidata. Instansi ni kumbukumbu ya RAM pamoja na michakato inayoendesha kazi. Kanzidata ni mafaili yaliyo kwenye diski. Ukilielewa hilo, hatua tatu za kuwasha Oracle zinaeleweka zenyewe: nomount inawasha instansi kwa kusoma faili la vigezo, mount inafungua faili la udhibiti, na open inafungua mafaili ya data. Maswali mengi ya mtihani, na matatizo mengi ya kazini, yanauliza jambo hilohilo kwa sura tofauti: umekwama hatua ipi, na faili gani halionekani?

Mtihani wa 083 ndio wenye thamani. Unagusa kanzidata zenye vyumba vingi ndani ya moja, zile za CDB (chombo kikuu) na PDB (chumba ndani yake), kisha bakapu na kurejesha kwa RMAN, zana ya Oracle ya kazi hiyo, teknolojia ya Flashback ya kurudisha data hali ya nyuma, kunakili kanzidata, kuweka viraka, kupandisha toleo na kuongeza kasi. Hayo ndiyo mambo ambayo bosi hatakuuliza hadi siku diski itakapokufa usiku.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: mtihani ni wa kuchagua majibu. Kutambua amri sahihi kati ya nne zilizoandikwa mbele yako ni kazi moja, na kuikumbuka saa nane usiku huku meneja anapiga simu ni kazi nyingine kabisa. Cheti hakipimi hiyo ya pili. Ndiyo maana tunasisitiza zoezi lifuatalo, na tunalieleza hatua kwa hatua kwa sababu ndilo linalotenganisha mwenye cheti na msimamizi.

Sakinisha Oracle Database XE 21c kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8 au zaidi. Ni ya bure, na mipaka yake ni data ya GB 12, RAM ya GB 2 na nyuzi mbili za CPU. Ingia kwa sqlplus, zana ya amri ya Oracle, kama sysdba, andika archive log list. Ikisema No Archive Mode, yaani logi za miamala hazihifadhiwi, funga kwa shutdown immediate, fungua kwa startup mount, toa amri ya alter database archivelog, kisha alter database open. Ukiruka hatua hii, RMAN itakataa kuchukua bakapu ya kanzidata iliyo wazi na kukupa ORA-19602. Weka pia eneo la bakapu: kigezo cha db_recovery_file_dest_size kwanza, halafu db_recovery_file_dest. Ukigeuza mpangilio huo utapata kosa la ORA-19802, na watu hupoteza jioni nzima wakidhani tatizo ni ruhusa za folda.

Fungua RMAN na uchukue backup database plus archivelog. Ikiisha, ingia kwenye XEPDB1, ile PDB inayokuja na XE, tengeneza jedwali kwenye nafasi ya USERS, weka safu elfu moja, commit. Rudi kwenye chombo kikuu utoe alter system switch logfile mara mbili tatu. Safu hizo sasa hazimo kwenye bakapu, zimo kwenye logi pekee, na ndizo kipimo cha zoezi lote. Kwenye RMAN andika report schema, andika pembeni namba ya faili la USERS la XEPDB1, kisha funga kanzidata. Ifunge kweli, maana kwenye Linux faili lililofutwa huku instansi inalishikilia huendelea kusomeka, nawe utadhani hakuna kilichoharibika. Kanzidata ikishafungwa, lifute faili hilo.

Washa. Chombo kikuu kitafunguka, lakini XEPDB1 itagoma kwa ORA-01157, na ORA-01110 itakutajia faili lililopotea. Kama namba uliyoandika ni 12, kwenye RMAN ni restore datafile 12, recover datafile 12, kisha alter pluggable database xepdb1 open. Hesabu safu. Zikitimia elfu moja, umejifunza kitu ambacho hakuna mtihani wa kuchagua utakaokupa. Zikipungua, au recover ikisimama na kudai logi isiyoonekana, tafuta logi ipi imepotea na nani aliifuta.

Mara nyingi jibu ni rm, amri ya Linux ya kufuta faili. Eneo la bakapu linajaa, kanzidata inagoma kupokea miamala, watumiaji wanaona ORA-00257, na fundi mwenye haraka anafuta logi kwa mkono kwenye folda. Anashangaa kosa linabaki palepale. Sababu ni kwamba faili la udhibiti bado linaamini logi hizo zipo na linaendelea kuihesabu nafasi yake. Dawa ni kuingia RMAN, crosscheck archivelog all, kisha delete expired archivelog all, na hapohapo kuchukua bakapu mpya kamili, kwa sababu mnyororo wa logi umekatika na bakapu ya jana haiwezi tena kukufikisha leo. Safari nyingine, chukua bakapu ya logi kwa kipengele cha delete input ili RMAN yenyewe ifute ilichokwisha kuhifadhi.

XE ina upungufu wake kwa anayejiandaa na 083: haipati viraka, na Data Guard, ya kuweka nakala hai kwenye seva ya pili, haimo. Kwa mazoezi ya viraka na kupandisha toleo utahitaji 19c kamili juu ya Oracle Linux ndani ya VirtualBox. Faili la 19c ni takribani GB 3, na likifunguliwa linakula zaidi ya mara mbili ya hapo, bado hujahesabu Linux yenyewe. Tenga GB 50 za diski, RAM ya GB 4 kwa mashine ya ndani, na uipakue usiku kwenye faiba ya chuo au ya ofisi, kwa sababu bando la simu litaisha kabla ya faili. Leseni yake inaruhusu kutengenezea na kujaribia programu, hairuhusu kuendeshea kazi ya ofisi. Kuna mafundi wanaoisakinisha kwa wateja kama kitu cha bure, na hilo linamwingiza mteja kwenye deni la leseni asilolijua. Msifanye hivyo.

DP-300 ya Microsoft ina tabia nyingine. Alama ya kufaulu ni 700 kwenye mizani ya 1,000. Bei hupangwa kwa nchi: Marekani ni dola 165, na ukurasa wa mtihani utakupa ya huku ukichagua Tanzania, kwa hiyo usilinganishe bei kabla ya kubadilisha nchi. Masomo yote ya kujiandaa yako bure kwenye Microsoft Learn, na kurasa hizo unaruhusiwa kuzifungua hata ndani ya mtihani. Wanaotegemea ruhusa hiyo wamekwama, kwa sababu saa haisimami wakati unatafuta. Itumie kuhakikisha jina la kigezo unachokijua tayari.

Cheti hiki kinaisha baada ya mwaka mmoja. Watu wengi wanalichukulia hilo kama udhaifu, sisi tunaliona kama sifa: unakihuisha bure, mtandaoni, bila msimamizi, ndani ya miezi sita kabla ya kuisha, na unalazimika kusoma kilichobadilika. Shida iko kwenye kusahau. Tarehe ikipita, unarudi kulipa na kufanya mtihani wote upya. Tumia barua pepe yako binafsi kufungua akaunti, usitumie ya mwajiri wala ya chuo, kwa sababu ukihama au ukihitimu hutaziona taarifa za kuhuisha.

Kuhusu maudhui, fahamu kitu unachokinunua. Vyeti vya zamani vya MCSA, vilivyohusu SQL Server ya chumbani, Microsoft ilivifunga Januari 2021. DP-300 inakaa Azure, wingu la Microsoft: kupanga ukubwa wa huduma, usalama, ufuatiliaji, kazi za kujiendesha, kujikinga na maafa. Kwenye Azure SQL Database bakapu inachukuliwa yenyewe, na kurudisha hali ya saa fulani ni suala la kubofya, kwa kawaida ndani ya siku 7 zilizopita na unaweza kusogeza hadi 35. Sasa linganisha na seva ya ofisi yenye SQL Server Express, isiyo na SQL Server Agent. Hapo hakuna bakapu ya kujiendesha hadi uandike hati ya sqlcmd na kuipangia muda kwenye Task Scheduler, na kwa matoleo ya hadi 2022 kanzidata moja ikifika GB 10 inakataa kupokea data mpya. Mwenye DP-300 aliyejifunza kwa Azure peke yake atasimama mbele ya seva hiyo bila kujua pa kuanzia.

Tatizo linalojirudia kwenye SQL Server ni faili la logi kumeza diski. Kanzidata imewekwa kwenye hali ya FULL, bakapu kamili inachukuliwa kila usiku, lakini hakuna anayechukua bakapu ya logi. Bakapu kamili haikati logi hata ichukuliwe mara ngapi. Faili la ldf linakua hadi diski inajaa, na kosa la 9002 linatokea. Fundi analipunguza kwa shrink, wiki mbili baadaye limerudi. Amua moja: kama ofisi inakubali kupoteza kazi ya tangu bakapu ya mwisho, iweke kwenye SIMPLE, ambako logi hujikata yenyewe, kama haikubali, chukua bakapu ya logi kila dakika 15 au 30. Na unaporejesha, kila bakapu isipokuwa ya mwisho irejeshwe kwa WITH NORECOVERY. Ukisahau ukaifungua kwa bakapu ya kwanza, logi zilizobaki hazitakubali, na unaanza upya. Kwa mazoezi sakinisha Developer Edition, ambayo ni ya bure na ina kila kitu, ila nayo hairuhusiwi kuendesha kazi halisi ya ofisi.

Kwa MySQL hatuna mengi. Mtihani wa 1Z0-908 una maswali 85 kwa dakika 140, alama ya kufaulu ni 62 kwa 100, na bei ni ileile ya dola 245. Unahusu toleo la 8.0, lililotoka 2018 na ambalo msaada wake ulipangwa kuisha Aprili 2026. Kulipa zaidi ya shilingi laki sita kwa toleo linaloondoka kunahitaji sababu nzito. Ni bora kuzitumia jioni zako kujifunza toleo la 8.4, hasa jambo moja litakalowasumbua wenye mifumo ya PHP ya zamani: njia ya kuingilia ya mysql_native_password imezimwa kwenye 8.4 na kuondolewa kabisa kwenye 9.0. Mfumo wa shule au duka uliotulia miaka mingi utakataa kuunganika asubuhi baada ya kupandisha toleo. Na bakapu ya mysqldump bila --single-transaction kwenye majedwali ya InnoDB itakufungia watumiaji wakati wa kazi.

PostgreSQL haina cheti kinachotolewa na jumuiya yake yenyewe, vilivyopo ni vya makampuni kama EDB. Kwa wanaolenga sekta ya afya, huko hakuna haja ya kungoja cheti. Onyesha kwamba unajua tofauti ya pg_dump, inayokupa picha ya wakati mmoja, na pg_basebackup pamoja na kuhifadhi WAL (logi za miamala za PostgreSQL), inayokuwezesha kurudi kwenye dakika unayoitaka. Onyesha pia unajua kwa nini folda ya pg_wal inajaa: archive_command, amri ya kuhifadhi logi hizo, inashindwa kimyakimya, au kuna nafasi ya kunakilia data (replication slot) iliyoachwa na seva ya pili iliyozimwa zamani. Kwa mwajiri anayeelewa, maelezo hayo yana uzito kuliko karatasi.

Tuje kwenye kuufanya mtihani wenyewe. Oracle na Microsoft wanaruhusu kuufanya nyumbani kwa uangalizi wa kamera, na kwa mtu wa Mbeya hilo linaokoa nauli na malazi. Lakini nyumba lazima iandaliwe. Chumba chenye mlango unaofungika, meza tupu, skrini moja, hakuna simu karibu, hakuna mtu kuingia. Kuingia kwa mtoto kutafuta chaja kunatosha kukatisha mtihani, na ada hairudi. Jina kwenye akaunti lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Wenye majina matatu kwenye kitambulisho cha NIDA na mawili kwenye akaunti hukwama mlangoni, na marekebisho ya jina hayafanyiki dakika ya mwisho, kwa hiyo yaombe wiki mbili kabla.

Saa nayo inaleta mkanganyiko. Ratiba haifuati saa za Kiswahili, kwa hiyo 09:00 ni saa tatu asubuhi. Hakikisha ukanda wa saa ni wa Afrika Mashariki kabla ya kuthibitisha. Panga asubuhi, na ikiwezekana kati ya Juni na Oktoba. Tunalisema hili kwa uzito. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya huku ikianza kupiga bati, msimamizi hakusikii wewe wala wewe humsikii yeye, na radi inakuja na umeme kukatika. Laptopu iwe na betri ya kudumu saa tatu, na ruta iwe kwenye UPS yake, kwa sababu laptopu ikibaki na betri huku ruta imezima, mtihani umekatika vilevile. Faiba ni bora kuliko hotspoti ya simu, kwa kuwa kinachohitajika ni mtandao usioyumba zaidi ya kasi. Endesha kipimo cha mfumo siku moja kabla, kwenye chumba kilekile, saa ileile, kompyuta ileile. Laptopu ya ofisi yenye ulinzi uliowekwa na mwajiri mara nyingi hukataa programu ya mtihani. Tumia yako.

Malipo yanataka kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Kikomo cha siku kwenye kadi kinaweza kuwa chini ya dola 245, kwa hiyo kipandishe kwanza. Ukianguka Oracle, unangoja siku 14 kabla ya kurudia, na unalipa upya kamili. Microsoft wanakuruhusu baada ya saa 24 kwa kurudia mara ya kwanza, kisha siku 14 kwa zinazofuata, nako unalipa kila mara. Weka fedha ya kurudia pembeni kabla ya kuanza, au usianze.

Kuhusu vituo vya mafunzo mjini, ukiambiwa ada inajumuisha cheti, uliza ni cheti cha nani. Kituo kinaweza kukupa cheti cha kuhudhuria, nacho si cheti cha Oracle wala cha Microsoft. Kile halisi kinathibitishwa kwa kiungo: Oracle kwa beji ya mtandaoni, Microsoft kwa nakala ya rekodi iliyoko Learn. Uliza pia kama mwalimu atavunja kanzidata mbele yenu na kuirudisha, kama kila mwanafunzi ana mashine yake, na kama vocha ya mtihani imo ndani ya ada. Mwalimu akijibu kwamba kurejesha kutafundishwa kwa slaidi, hifadhi fedha yako. Na yeyote anayekuuzia maswali ya mtihani yaliyoibwa anakuuzia hatari: makampuni haya hufuta vyeti vya waliopatikana na udanganyifu, na mwajiri wako wa kwanza atajua ndani ya mwezi mmoja.

Nani basi alipe? Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiye na kazi, hapana, siyo Oracle. Kwenye matangazo ya Ajira Portal sifa ya msingi ni elimu inayotambuliwa nchini, na cheti cha kampuni hakichukui nafasi yake. Afanye zoezi la kurejesha, asome masomo ya bure ya Microsoft Learn, na kama anataka karatasi, aanze na DP-900, ambayo ni ya misingi na haiishi muda. Afisa TEHAMA aliye kazini, mwenye Oracle mikononi kila siku, anayetaka kuhamia benki au kampuni ya simu, alipe, na amwombe mwajiri achangie angalau mtihani wa 083. Mtu wa SQL Server achukue DP-300, mradi ajifunze na seva ya chumbani sambamba.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wa mitihani hii unaouliza, nalo linakuhusu kuanzia siku ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na msimamizi wa kanzidata ya wagonjwa au ya wanachama wa SACCOS ndiye mwenye mkono juu ya taarifa hizo. Kwa mazoezi tumia data za mfano: HR ya Oracle, AdventureWorks ya Microsoft, Sakila ya MySQL. Usibebe nakala ya data halisi kwenye flashi kwenda kujisomea nyumbani. Na kama ofisi yako ina bakapu kwenye diski ya nje iliyolala juu ya seva ileile, ifungie kwa nywila, ihamishie jengo jingine, na wiki hii hii jaribu kuirejesha kwenye mashine tofauti uone kama inafunguka.